Kubangua Korosho: Historia ya Kazi Iliyosafirishwa

Mti wa korosho hauna jina moja katika Kiswahili. Wengi husema mkorosho. Wengine husema mbibo, na katika pwani ya kaskazini husikika mkanju. Tunda lake lililo laini, lenye maji mengi na ukakasi, ni bibo au kanju. Mbegu ining'iniayo chini ya tunda ni korosho, nayo ikiwa changa, ganda lake likingali bichi, ni dunge. Kuichoma korosho na kulivunja ganda lake ili kuipata mbegu iliyo ndani huitwa kubangua. Neno hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nia yangu si kueleza mti bali kazi, na kazi ya kubangua ina historia ambayo huonekana vizuri zaidi mtu akiyasoma maneno pamoja na hesabu za biashara.

Mti wenyewe si wa asili ya Afrika. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16 wakaupanda katika pwani walizozitawala au kuzipitia, Msumbiji upande huu na Goa upande wa pili wa bahari. Jina kanju limetoka katika neno la Kireno caju, ambalo Wareno nao walilipata kwa Watupi wa Brazil. Kuhusu bibo, asili yake si wazi kama hiyo. Katika Kikonkani, lugha ya Goa na pwani iliyo jirani, neno bibo, lenye wingi bibe, hutumika kwa korosho yenyewe, na mapishi ya bibe changa yanajulikana sana huko. Nadhani maneno haya mawili ni ndugu, ingawa maana imehama: kule ni mbegu, huku ni tunda. Kama dhana hii ni sawa, basi mti huu ulikwisha tufunga na pwani ya magharibi ya India kabla haujawa zao la biashara, na yafaa jambo hili likumbukwe tufikapo mbele.

Kubangua kwa desturi ya nyumbani ni kazi ya moto na subira. Korosho zilizokauka hutiwa katika kipande cha bati au kikaango kilichotobolewa, huwekwa juu ya moto mkali, na hukorogwa kwa kijiti kirefu mpaka mafuta ya ganda yatoke na kuwaka. Hapo bati huondolewa, korosho humwagwa chini na kufunikwa mchanga ili moto uzimike na mafuta yaliyosalia yanyonywe. Zikipoa hugongwa moja moja kwa jiwe, pigo lenye kipimo: likizidi, mbegu huvunjika, likipungua, ganda halifunguki. Mafuta hayo ni makali, huunguza ngozi na kuacha madoa yasiyotoka kwa siku nyingi, na moshi wake hudhuru macho na kifua. Katika sehemu nyingi za pwani na kusini kazi hii ni ya wanawake na watoto. Korosho zilizobanguliwa hivyo huliwa nyumbani au huuzwa kwa vifungu sokoni na vituoni. Mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichachuka huwa uraka, ambao ukitoneshwa hupatikana nipa. Serikali za nyakati mbalimbali hazikupendezwa na kinywaji hicho, lakini hayo si ya makala haya.

Basi neno tulikuwa nalo, na kazi tuliijua. Hata hivyo, tangu korosho ilipoanza kupelekwa nje kwa wingi mpaka leo, sehemu kubwa ya mavuno ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, imesafirishwa na ganda lake. Siku hizi watu wa uchumi hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba nchi haina sehemu kubwa katika mnyororo wa thamani. Usemi huo ni tafsiri ya neno kwa neno, na simlaumu mkulima wa Newala akiusikia kama lugha ya ofisini. Yeye husema tu kwamba korosho zake zimeenda kubanguliwa India, na maana ni ileile. Sababu itolewayo mara nyingi ni kwamba hatukuwa na mitambo wala maarifa. Mimi naona kwamba historia haikubaliani na sababu hiyo. Mitambo ilikuja, tena mingi. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, nami nitajaribu kukionyesha.

Yatupasa tuanze Kollam, mji wa pwani katika Kerala ambao Waingereza waliuita Quilon. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara walianza kutoka huko kupeleka korosho zilizobanguliwa katika soko la Marekani. Shida ya kwanza ilikuwa wadudu na kuharibika kwa mzigo safarini, nayo ilitatuliwa kwa kuzifungia korosho katika debe lililotolewa hewa na kujazwa gesi ya kaboni. Baada ya hapo biashara ilikua upesi kuliko mikorosho ya India yenyewe. Huko mavuno hupatikana baina ya Februari na Mei hivi, na yakiisha kiwanda hakina kazi. Katika kusini ya Tanganyika na kaskazini ya Msumbiji mavuno huanza Oktoba na kuendelea mpaka Januari. Korosho zetu ziliingia barabara katika miezi mitupu ya Kollam. Kwa hiyo tangu miaka ya 1930 mnunuzi wa India alikuja na fedha mkononi, naye alitaka korosho yenye ganda, maana ganda ndilo lililokuwa kazi ya watu wake.

Watu hao walikuwa, na hata leo wako, karibu wote wanawake. Mmoja huketi chini na rungu dogo la mti na kuvunja maganda, akijipaka majivu mikononi. Mwingine humenya utando mwekundu kwa kisu kidogo. Mwingine huchagua nzima na vipande, nyeupe na zilizoungua. Ujira wao ulikuwa mdogo mno. Kerala ilipoweka sheria za ujira na vyama vya wafanyakazi vilipopata nguvu, wenye viwanda wengi walivuka mpaka wakaingia Tamil Nadu ambako sheria zilikuwa nyepesi, na mwaka 1969 serikali ya Kerala ililazimika kuunda shirika lake ili kuokoa kazi za wanawake hao. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi huzungumzwa habari za India kana kwamba ilitushinda kwa ujuzi tu. Ujuzi ulikuwapo, lakini ulikaa katika mikono iliyolipwa kidogo.

Upande wetu zao lilikua kwa namna ambayo serikali haikuipanga. Mpango wa Karanga ulioanzishwa mwaka 1947 ulimeza fedha za Uingereza, pauni milioni 36 kwa hesabu iliyofutwa mwaka 1951, na moja ya sehemu zake ilikuwa Nachingwea. Kwa ajili ya karanga ambazo hazikuonekana, ilijengwa reli na bandari ya maji marefu Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na korosho, zao ambalo wakulima wa uwanda wa Makonde walikuwa wamelipanda kandokando ya mihogo yao bila kuambiwa na mtu mwenye ramani, ndiyo iliyoipa kazi. Uzalishaji ulipanda kutoka tani elfu chache baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Msumbiji wakati huohuo ilivuna zaidi ya tani 200,000, ikawa ya kwanza duniani. Nchi hizi mbili, zikitenganishwa na mto Ruvuma tu, zilikuwa zinailisha Kollam.

Ni kiasi gani kilichopotea? Kwa kawaida kilo nne hadi tano za korosho zenye ganda hutoa kilo moja ya mbegu iliyomenywa. Kwa maneno mengine, meli iliyotoka Mtwara ilibeba zaidi ya robo tatu ya mzigo wake kwa maganda. Ganda nalo si takataka: mafuta yake hutumiwa katika kutengeneza rangi na breki za magari. Tofauti ya bei baina ya korosho yenye ganda na mbegu iliyochaguliwa ndiyo iliyolipa ujira, faida na kodi kule ilikobanguliwa.

Serikali ya Tanzania iliyaona haya mapema. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha kwanza kikubwa kilijengwa Dar es Salaam kwa ushirika na Waitalia, na jina lake, Tanita, linaeleza wazi wenzi hao wawili. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Korosho, na kwa mikopo ya Benki ya Dunia viwanda vikaongezwa mpaka vikawa 12, vingi vyao katika mikoa ya Mtwara na Lindi, vikiwa na mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Kwa jumla viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, yaani karibu zao lote la miaka ile mizuri. Katika karatasi hesabu ilikuwa kamili.

Lakini miaka mizuri ilikuwa imekwisha. Kati ya 1973 na 1976 watu wa kusini, kama wa mikoa mingine, walihamishiwa katika vijiji, na mikorosho mingi ikaachwa mbali na makazi. Mkorosho usiopaliliwa hujaa magugu, na korosho huokotwa chini. Palipo na magugu hapana mavuno. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyopatikana nje, na sehemu hiyo iliendelea kupungua. Kisha, kuelekea mwisho wa muongo ule, ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga. Katika msimu wa 1986/87 zao lote la nchi lilikuwa takriban tani 16,500. Viwanda vingine vilikamilika bila kupata korosho za kubangua, na vingine havikuwashwa kabisa. Deni lilibaki palepale.

Wengi huishia hapa: kilimo kilianguka, viwanda vikafa. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa kuwa hata pale korosho zilipopatikana, viwanda vile havikuweza kumlipa mkulima bei aliyoitoa mnunuzi wa India na bado vikapata faida. Sababu imo ndani ya mbegu yenyewe. Bei ya korosho haitegemei uzito tu, hutegemea uzima. Mbegu nzima, nyeupe, isiyo na doa, huuzwa kwa bei iliyo juu sana ya kipande. Mitambo ya wakati ule iliipiga korosho kwa nguvu moja, kubwa na ndogo, iliyopinda na iliyonyooka, na kwa hiyo ilitoa vipande vingi mno. Mwanamke wa Kollam aliitazama kila korosho kabla ya kuipiga. Mama wa Newala aliyeketi nyuma ya nyumba na jiwe lake alifanya vivyo hivyo. Wapangaji wa viwanda hawakumwona huyu wa pili. Walidhani wanaleta kazi mahali pasipo na kazi, kumbe waliiacha ile iliyokuwapo, wakaagiza kwa mkopo mashine iliyoifanya vibaya zaidi.

Simaanishi kwamba kubangua kwa bati na jiwe kungeweza kuingia moja kwa moja katika soko la dunia. Moto wa nyumbani huunguza mbegu, na usafi wa uwanja si usafi anaoutaka mnunuzi wa New York. Nasema tu kwamba njia iliyofuatwa India, ya kuichukua kazi ya mikono na kuipanga, kuipatia mvuke badala ya moto wazi na kisu cha kukanyagia kwa mguu badala ya rungu, ilikuwa wazi kwetu pia. Haikuchaguliwa kwa sababu haikufanana na maendeleo kama yalivyofikiriwa siku zile.

Habari za Msumbiji hulithibitisha jambo hili kwa uchungu zaidi. Wareno walijenga huko viwanda vya mitambo katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 usafirishaji wa korosho zenye ganda ulizuiwa, kisha vita vilivyodumu mpaka 1992 vikaharibu kilimo na barabara. Viwanda vya dola viliuzwa kwa watu binafsi katikati ya miaka ya 1990. Mara tu wenye kuvinunua walipokwisha lipa, Benki ya Dunia ilitoa sharti mwaka 1995 kwamba kodi ya kusafirisha korosho zenye ganda ipunguzwe, kwa hoja kwamba kodi hiyo ilimnyima mkulima bei nzuri ili kuvilea viwanda visivyo na ufanisi. Hoja haikuwa ya kijinga. Walakini matokeo yalikuwa kwamba kufikia mwaka 2001 viwanda karibu vyote vikubwa vilikuwa vimefungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wamepoteza kazi. Ama mkulima, uchunguzi wa Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch uliotolewa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kaya ya wastani yenye kulima korosho ilipata nyongeza ya dola 5.30 tu kwa mwaka. Fedha nyingine ilikwenda kwa wafanyabiashara waliosimama kati, na wanunuzi wa nje walikuwa wachache mno kushindana.

Bunge la Msumbiji liliirudisha kodi kwa sheria ya mwaka 1999, baina ya asilimia 18 na 22. Lakini kilichorudisha ubanguaji hakikuwa kodi peke yake. Baada ya 2001 vilianza kuonekana katika jimbo la Nampula viwanda vidogo, kila kimoja karibu na wakulima wake, vyenye kutumia mvuke na visu vya mkono na mguu kwa mtindo wa Kihindi. Vilitoa mbegu nzima kwa wingi kuliko mitambo iliyotangulia, na viliajiri watu wa vijijini. Kwa miaka kadhaa Nampula ilikuwa hoja bora kuliko ripoti zote.

Kenya, ambayo zao lake ni dogo, ilikuwa na kiwanda chake Kilifi kilichofanya kazi tangu miaka ya 1970 mpaka ya 1990, na mwaka 2009 ilipiga marufuku kusafirisha korosho zenye ganda.

Turudi Tanzania. Biashara ilifunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, salfa ikasaidia dhidi ya ubwiriunga, miche bora ikatoka Naliendele, na zao likafufuka hata likapita kilele cha zamani. Viwanda vya miaka ya 1970 viliuzwa, na kadhaa kati yake vikawa maghala ya kuhifadhia korosho zinazongoja meli. Mtu akitaka mfano wa jengo lililobadilishiwa maana, ni huo. Mwaka 2007 ulianzishwa Mtwara mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa huo mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia chama chake, hupata stakabadhi, na mzigo huuzwa kwa mnada. Pembeni ya mfumo huo ilidumu kangomba, yaani kuuza kwa kipimo cha chombo, mara nyingi kabla ya msimu, kwa bei ya shida. Kangomba huchukiwa na kila ofisa, lakini huishi kwa sababu ada ya shule na matanga havingoji mnada. Kiwanda kidogo cha kubangua nacho hubanwa na ufinyu huohuo wa fedha: lazima kinunue korosho za mwaka mzima katika miezi mitatu, hali mnunuzi wa nje amekuja na mkopo wa riba nafuu kutoka kwao.

Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue zao lote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lipeleke malori yake kusini. Ilisemwa kwamba korosho zitabanguliwa nchini. Malori yalikwenda, lakini mikono na mashine za kubangua zao lote hazikuwapo, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya mzigo ule iliuzwa nje ikiwa na ganda. Katika msimu wa 2024/25 zao lilizidi tani 500,000, na bado kilichobanguliwa hapa nchini kilikuwa sehemu ndogo.

Lazima niseme jambo ambalo halinipendezi, kwa kuwa linaipunguzia nguvu hoja yangu. Vietnam, iliyoanza baada yetu sote, imeipita India katika kupeleka mbegu za korosho nje, na imefanya hivyo kwa mashine. Mafundi wake waliunda mashine za kukata ganda na kumenya utando ambazo huacha mbegu nyingi zikiwa nzima. Kwa hiyo ubora wa mikono, ambao ulikuwa hoja ya kweli mwaka 1975 na mwaka 2002, si hoja ya milele. Hata viwanda vya Nampula vimebanwa na ushindani huo. Hata hivyo tazama jinsi mashine zile zilivyopatikana. Zilibuniwa mahali ambapo kazi ya mikono ilikwisha fanywa kwa miaka mingi na watu walioijua korosho, wakairekebisha hatua kwa hatua. Hazikununuliwa zikiwa kamili kwa mkopo na kusimikwa Masasi.

Nimalizie kwa lugha, ambayo ndiyo shamba langu. Zamani korosho iliitwa korosho tu. Leo katika maandishi ya biashara husomwa korosho ghafi na korosho karanga, ya kwanza ikiwa na ganda na ya pili imebanguliwa. Ghafi ni sifa ambayo mpishi wa nyumbani hakuihitaji: ilihitajika pale kitu kilipokuwa kinauzwa kabla ya kumalizwa. Kwa korosho ghafi tuna daraja la kwanza na daraja la pili. Kwa mbegu iliyobanguliwa, ambayo madaraja yake ni mengi na tofauti za bei zake ni kubwa, hatuna jina hata moja la kwetu. Mfanyakazi wa kuchagua husema W240 na W320, herufi ya Kiingereza yenye maana ya nyeupe, na hesabu ya mbegu zinazotimiza pauni moja ya uzito, katika nchi ambayo sokoni hupima kwa kilo. Vipande navyo vina herufi zao, na mafuta ya ganda huitwa mafuta ya ganda.